Somo la Robo Hii: Uzio Hai Wenye Harufu Nzuri – Tuchague Mimea Gani na Tuipe Nafasi Gani?



Katika toleo hili tunajifunza juu ya jambo ambalo mara nyingi huonekana dogo katika mipango yetu: uzio wa bustani. Katika bajeti ya bustani ya parokia, ya zahanati au ya chekechea, uzio huandikwa mstari mmoja mwishoni kabisa, baada ya mbegu, majembe na mabomba. Lakini hapa Itigi kila mtu anajua kwamba bustani isiyo na uzio ni malisho ya mbuzi. Mchicha uliomwagiliwa kwa wiki sita huisha kwa asubuhi moja.

Kwa kawaida tunazungushia matawi ya miiba yaliyokatwa porini. Uzio wa namna hii ni wa haraka na hauhitaji fedha taslimu, lakini haudumu. Mchwa huula, upepo huusambaza, na baada ya msimu mmoja au miwili lazima akina mama na vijana warudi tena porini na mapanga. Uzio hai, yaani ule wa mimea inayoota, hupandwa mara moja na ukitunzwa huweza kudumu kwa miaka mingi. Na tukichagua vizuri, uzio huo huo utatupa maua yenye harufu nzuri, chakula cha nyuki, majani ya chai na matunda.

Kiswahili chetu chenyewe kimeviunganisha vitu hivi viwili. Ua ni wigo unaozunguka nyumba, na ua ni lile linalochanua mtini. Katika somo hili tunataka vyote viwili kwa kazi moja. Ili tusichanganye, wigo tutauita uzio.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili kamati iweze:
(a) kuchagua mimea ya uzio inayofaa nchi kavu ya Itigi;
(b) kuhesabu miche na nafasi zake;
(c) kupima kama maji yaliyopo yanatosha kabla ya kununua au kuotesha mche hata mmoja.

1. KWA NINI UZIO HAI HAPA KWETU

Itigi imezungukwa na pori la aina yake. Vichaka vya Itigi ni msitu mfupi uliosongamana sana, wa urefu wa mita tatu hadi tano hivi, ambao hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Wataalamu wa mimea wanaujua msitu wa aina hii katika sehemu mbili: hapa katikati ya Tanzania, na kaskazini mwa Zambia, kati ya Ziwa Mweru Wantipa na Ziwa Tanganyika. Mti mdogo mmoja wa vichaka hivi, Burttia prunoides, umepewa jina kwa kumbukumbu ya B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Tanganyika na kufariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Yaani pori ambalo sisi tunaliona la kawaida, watu wa mbali wamelifanyia utafiti kwa miaka mingi kwa sababu ni adimu.

Pori hili likifyekwa lote halirudi upesi jinsi lilivyokuwa. Mashamba, mkaa na kuni ndivyo vinavyolimaliza zaidi, lakini na sisi wa bustani tunachangia. Kila uzio wa miiba unaooza ni matawi mengine ya kukatwa mwaka ujao. Vilevile, asali ya Itigi na Manyoni hutokana na maua ya pori hilo hilo. Anayepanda uzio wa maua anaacha kukata malisho ya nyuki, na papo hapo anawaongezea mengine karibu na nyumbani.

Kuna pia amani ya kijiji. Mbuzi anapoingia bustanini, ugomvi si wa mbuzi na mchicha. Ni wa jirani na jirani. Uzio mzuri huwapunguzia viongozi wetu kesi nyingi za usuluhishi.

2. TUIJUE NCHI YETU KABLA YA KUCHAGUA

Mambo matatu yanaamua mmea gani utaishi Itigi.

Kwanza, mvua. Tunapata wastani wa milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi sita au saba bila mvua ya maana. Hata ndani ya masika yetu huweza kutokea wiki kadhaa za jua kali, hasa Januari au Februari.

Pili, udongo. Sehemu kubwa ni kichanga juu, lakini chini kuna tabaka gumu ambalo maji na mizizi hupenya kwa shida. Shimo fupi lililochimbwa kwa jembe moja tu huwa kama bakuli: mche hustawi wakati wa mvua, kisha mizizi hukwama na mche hukauka mwezi wa Julai.

Tatu, upepo. Wakati wa kiangazi upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Hukausha majani na udongo, na pia hubeba harufu ya maua. Jambo hili tutalirudia katika sehemu ya 7.

3. KUCHAGUA MIMEA

Kabla ya kuupa mmea nafasi katika uzio, kamati iulize maswali manne:
– Je, utavumilia miezi sita bila mvua ukishakomaa?
– Je, una miiba au utomvu wa kumzuia mbuzi?
– Je, maua yake yana harufu, na nyuki huyapenda?
– Je, kuna madhara kwa watoto, mifugo au mashamba ya jirani?

Ni vigumu kupata mmea mmoja wenye majibu mazuri kwa maswali yote manne. Kwa hiyo tunapendekeza mistari miwili: mstari wa nje ni wa miiba, mstari wa ndani ni wa harufu.

Mimea ya mstari wa nje

Mtandamboo. Ni kichaka chenye miiba migumu, majani ya kijani yanayong'aa, maua madogo meupe yenye harufu tamu, na matunda yanayoiva kuwa meusi ambayo watoto huyala porini. Jina lake la kitaalamu ni Carissa spinarum. Hukua polepole lakini huvumilia ukame na kupogolewa. Huoteshwa kwa mbegu zilizotolewa kwenye matunda yaliyoiva, zikasiwa zikiwa mbichi. Kwa mahitaji yetu huu ndio mmea wa kwanza, kwa sababu miiba, harufu na matunda vimo katika mche mmoja.

Kikwata. Ni mgunga mdogo wenye miiba iliyopinda kama ndoana, na maua meupe yenye harufu ambayo nyuki huyafuata sana. Unafaa upande wa nje wa shamba, mbali na njia za watoto. Upogolewe kila mwaka, kwani ukiachwa huenea na kusonga malisho.

Mnyaa. Katika sehemu nyingi za mkoa wa Singida minyaa ni uzio wa siku nyingi. Huota kwa kipande cha tawi na hauliwi na mbuzi. Lakini hauna harufu ya kupendeza, na utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Tusiupande karibu na chekechea wala mahali pa kuchezea watoto, na anayeukata ajikinge macho.

Mimea ya mstari wa ndani

Mhina. Hupandwa kwa mbegu au vipande vya matawi, huvumilia joto na ukame, na hukubali kukatwa kuwa uzio nadhifu. Maua yake madogo yana harufu inayosikika kutoka mbali, na majani yake hutumika kupaka rangi mikono na nywele, hasa wakati wa harusi. Mhina peke yake hauzuii mbuzi. Ndiyo sababu tunauweka ndani.

Mndimu. Mndimu uliooteshwa kwa mbegu una miiba, maua yenye harufu nzuri, na ndimu za jikoni. Tatizo lake ni maji: unahitaji zaidi kuliko mimea mingine katika orodha hii. Upandwe pale maji ya paa au ya kuogea yanapopita, si pembe ya mbali ya shamba.

Rozimari. Ni kichaka kifupi chenye majani membamba yenye harufu ya chakula. Hupenda udongo usiotuamisha maji, na huoteshwa kwa vipandikizi. Unafaa kando ya njia na mbele ya madirisha.

Kivumbasi na mchaichai hazitengenezi uzio, lakini hujaza nafasi za chini ndani ya uzio wakati vichaka bado vichanga. Kivumbasi kinapendwa na nyuki. Mchaichai hushika udongo kando ya mtaro na kutupatia chai.

Asumini ni ua la heshima kubwa Zanzibar na Lamu, ambako hutungwa na kuuzwa kwa ajili ya kujipamba. Hapa Itigi inawezekana kuwa na mche mmoja au miwili mlangoni, mahali penye maji ya kila wiki. Lakini mkilua na mlangilangi tuwaachie ndugu zetu wa pwani. Mimea hiyo imezoea joto lenye unyevunyevu, na kiangazi chetu hakitaionea huruma.

Mimea ya kuepuka

Lantana, ile yenye vishada vya maua madogo ya rangi mchanganyiko, ina harufu na huota kirahisi, na kwa sababu hiyo wengi huipenda. Lakini majani yake ni sumu kwa mifugo, na ndege hueneza mbegu zake mpaka mashambani. Tusiipande.

Funzo kubwa zaidi lipo Baringo, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi wa kupanda miti ulipeleka huko mti wa miiba uitwao prosopis, ambao Wakenya wengi wanauita mathenge. Nia ilikuwa njema: kuni, kivuli na kuzuia nchi kugeuka jangwa. Mti ukaenea mpaka ukaziba malisho na njia. Mwaka 2006 wananchi walifikisha malalamiko yao mahakamani, wakaleta na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake yenye sukari. Wapandaji wa mwanzo hawakukusudia madhara hayo. Ndiyo maana swali la nne katika orodha yetu halipaswi kurukwa hata kama miche inatolewa bure.

4. NAFASI NI MGAO WA MAJI

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kamati inapotaka uzio uzibe haraka, inabananisha miche, kila baada ya sentimita 20 au 25. Wakati wa mvua uzio hupendeza, na picha zikipigwa Machi zinavutia. Ifikapo Septemba, nusu ya miche imekauka na mapengo yamebaki mahali pasipotarajiwa.

Sababu ni rahisi. Katika nchi ya mvua nyingi, nafasi kati ya mche na mche ni suala la mwanga na sura. Katika nchi kavu, nafasi ni mgao wa maji. Mita moja ya ardhi ya Itigi ina unyevu wake, na miche iliyopandwa hapo itaugawana. Wakiwa wanne, kila mmoja anapata robo.

Nafasi tunazopendekeza kati ya mche na mche katika mstari ni hizi:
– Mtandamboo: mita 1 ukiwa katika mistari miwili, sentimita 60 ukiwa mstari mmoja.
– Kikwata: mita 1.
– Mnyaa: sentimita 40 hadi 50.
– Mhina: mita 1 ukiwa katika mistari miwili, sentimita 60 ukiwa mstari mmoja.
– Mndimu: mita 1.5.
– Rozimari: sentimita 60.
– Mchaichai: sentimita 60 hadi 80.
– Kivumbasi: sentimita 40.

Mistari miwili iachane kwa sentimita 60, na miche ipishane: mche wa mstari wa ndani ukae mkabala na pengo la mstari wa nje. Faida yake inaweza kuhesabiwa. Ukipanda mstari mmoja kwa nusu mita, unatumia miche miwili kwa kila mita, na kila mche una jirani kwa sentimita 50. Ukipanda mistari miwili kwa mita moja kwa kupishana, bado unatumia miche miwili kwa kila mita, lakini jirani wa karibu yuko umbali wa sentimita 78 hivi. Idadi ya miche ni ile ile, ila mizizi imepata eneo kubwa zaidi, na mbuzi anakuta vizuizi viwili badala ya kimoja.

Umbali mwingine wa kukumbuka:
– Tuta la kwanza la mboga liwe mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye uzio, mizizi isije ikanyonya maji ya mboga.
– Mstari wa miiba uwe angalau mita 1 kutoka kwenye njia.
– Tusipande ndani ya hifadhi ya barabara. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wenye viwanja karibu na reli nao waulize mipaka kwanza.
– Jirani aitwe kushuhudia kamba ikinyooshwa mpakani. Uzio hai hunenepa, hivyo tuanze ndani ya mpaka wetu kwa mita moja.

5. MFANO WA HESABU: BUSTANI YA MITA 40 KWA 25

Tuchukue bustani yenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. Mzunguko wake ni mita 130. Tukiondoa lango la mita 2, zinabaki mita 128. Kwa miche miwili kila mita tunahitaji miche 256. Tuongeze kama 30 ya kuziba mapengo.

Sasa maji. Tuseme kila mche wa mwaka wa kwanza unapewa lita 5 kwa wiki wakati wa kiangazi. Miche 256 itahitaji lita 1,280 kwa wiki, yaani ndoo 64 za lita 20. Tangu mwanzo wa Mei mpaka katikati ya Novemba ni wiki 28. Jumla ni lita 35,840.

Je, maji hayo yapo? Paa la bati la mita 20 kwa 10 lina eneo la mita za mraba 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 600 itatoa lita 120,000. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 96,000. Paa linatosha kabisa. Kinachokosekana ni chombo cha kuyahifadhi. Kamati yenye tanki la plastiki la lita 10,000 itamwagilia uzio wote kwa wiki zisizofika nane, kisha tanki litakuwa tupu, na bado ni Juni.

Hivyo basi, ushauri wetu mkuu ni huu: tupande upande mmoja kila mwaka.

Mwaka wa kwanza: upande wa mita 40, miche 80. Lita 400 kwa wiki, lita 11,200 kwa kiangazi chote. Tanki la lita 10,000 likiwa limejaa mwisho wa Aprili linakaribia kutosha. Pungufu ni ndoo 60 tu kwa miezi yote, nazo zinaweza kutoka kwenye maji ya kusuuzia mboga na vyombo.

Mwaka wa pili: upande wa mita 25, miche 50 mipya. Miche ya mwaka jana sasa hupewa nusu. Jumla ni lita 450 kwa wiki.

Mwaka wa tatu: upande mwingine wa mita 40. Miche ya mwaka wa kwanza, kama imeshika vizuri, iachishwe maji. Jumla ni lita 525 kwa wiki.

Mwaka wa nne: upande wa lango. Jumla ni lita 430 kwa wiki.

Kuanzia mwaka wa pili, pungufu la kila wiki liko kati ya ndoo 4 na 9 hivi juu ya maji ya tanki. Huo ni mzigo ambao zamu ya jumuiya inaumudu, tofauti kabisa na ndoo 64. Wakati huo, pande ambazo hazijapandwa zibaki na uzio wa matawi kama kawaida. Na upande wa kwanza utakuwa kitalu cha pande zinazofuata: vipandikizi vya mhina na rozimari, na baadaye mbegu za mtandamboo, vitatoka nyumbani bila kununuliwa. Haba na haba hujaza kibaba.

6. HATUA ZA KUPANDA

Juni na Julai: sia mbegu na panda vipandikizi kwenye viriba. Mche unahitaji miezi mitano hivi kabla ya kwenda shambani.

Oktoba na Novemba: nyoosha kamba, chimba mashimo ya sentimita 45 kwa 45, kina sentimita 45 au zaidi, mpaka tabaka gumu livunjike. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, kisha uurudishe. Uso wa shimo ubaki chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10, ili maji yaingie.

Desemba: usipande kwa mvua ya kwanza. Subiri mpaka udongo ulowe kwa kina cha sentimita 30. Panda jioni au siku ya mawingu. Ondoa kiriba chote.

Baada ya kupanda: tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, lakini ziache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kwa sababu mchwa hufuata nyasi. Palilia. Weka matawi ya miiba upande wa nje kwa miaka miwili ya mwanzo, maana mche mchanga wa mtandamboo nao huliwa.

Kupogoa: mche ukifika sentimita 60, ukate ubaki na 30 ili utoe matawi kutoka chini. Baada ya hapo uzio uwe mpana chini na mwembamba juu, usizidi mita 1.5. Kata baada ya maua kuisha. Anayekata kabla ya kuchanua amekata harufu, asali na matunda kwa mkasi mmoja.

7. HARUFU IWEKWE MAHALI PAKE

Kwa kuwa upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, mhina na rozimari zilizo upande huo zitapeleka harufu kwenye mabenchi na baraza. Zikiwekwa magharibi, harufu itaenda kwa jirani. Jioni upepo unapotulia ndipo harufu husikika zaidi, hivyo mahali pa kukutania jioni ndipo panapostahili mimea hii.

Lakini si kila mahali panahitaji harufu kali. Kwenye zahanati na hospitali, wapo wagonjwa wa pumu na wengine ambao kichefuchefu chao huzidishwa na harufu. Mimea yenye harufu kali isiwe chini ya madirisha ya wodi. Vilevile nyuki wanaokuja mauani kwa kawaida hawasumbui, lakini mizinga iwekwe mbali na nyumba, njia na zizi, na mstari wenye maua mengi usiwe langoni mwa chekechea.

8. NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu wafadhili, mche ni sehemu ndogo ya gharama ya uzio hai. Gharama kubwa ni miezi saba ya kiangazi cha kwanza. Mradi unaolipia miche 256, siku ya kupanda na kibao cha mradi, kisha ukafungwa mwezi Machi, umelipia kuni. Tunaomba michango ipangwe kwa namna tatu. Kwanza, tanki na mifereji ya paa vije kabla ya miche. Pili, fedha zigawanywe kwa miaka mitatu au minne badala ya mwaka mmoja. Tatu, ripoti isihesabu miche iliyopandwa Desemba, bali iliyo hai mwezi Novemba unaofuata.

Na kwa upande wetu wanakamati, kuna wajibu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila upande wa uzio uwe na ukurasa wake: tarehe ya kupanda, idadi kwa kila aina, miche iliyokufa kila mwezi, ndoo zilizotumika, na jina la mwenye zamu. Daftari hilo litamwonyesha mfadhili ukweli, nasi litatuonyesha aina ipi ya kuongeza mwaka ujao na ipi ya kuacha.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKAO

1. Uzio wetu wa sasa unatumia matawi kiasi gani kwa mwaka, na nani anayakata?
2. Pimeni mzunguko wa bustani yenu kwa kamba. Ni miche mingapi kwa mistari miwili?
3. Tanki lenu lina lita ngapi? Kwa hesabu ya lita 5 kwa mche kwa wiki 28, linaweza kulea miche mingapi mwaka huu?
4. Upande gani uanze: ule wa njia ya mbuzi au ule wa upepo?
5. Nani atashika daftari, na nani atashika zamu ya ndoo mwezi wa Septemba?

Kamati ikishajibu swali la tatu kwa namba, imejua ukubwa wa uzio wake wa mwaka huu. Hata kama namba hiyo ni miche 40 tu, hiyo ni mita 20 zilizo na matumaini ya kuwa hai Novemba, na za mwaka ujao zitaanzia hapo.